USUKANI UNAPOTUTOKA MKONONI

Maneno yaliyosemwa kwa Wakristo na walimu waliokusanyika kwa Yubilei ya miaka 100 ya Dayosisi ya Masasi



Naliombwa niseme nanyi maneno machache ya kuitia mioyo nguvu. Siku ya Yubilei ni siku ya shangwe, nasi tumeshangilia tangu asubuhi. Ngoma zimelia, vigelegele vimepigwa, na waliotutangulia wamekumbukwa mbele ya altare. Hayo yote yatupasa. Lakini mimi ni mchungaji, nami naliziona nyuso zenu mlipokuwa mkiingia mlangoni. Najua ya kuwa wako kati yenu waliokuja na wimbo mdomoni na mzigo moyoni. Yuko mama aliyemwacha mtoto wake kitandani, na homa haijashuka. Yuko mkulima aliyeitunza mikorosho yake mwaka mzima, kisha bei ikaamriwa na watu asiowajua, mbali na shamba lake. Yuko mwalimu ambaye wanafunzi wake wanapungua kila juma kwa sababu ya njaa ya nyumbani kwao. Yuko mzee aliyewazika wanawe, naye sasa alea wajukuu. Kila mmoja wa hao asema ndani ya nafsi yake, Mambo yamenishinda. Basi leo nataka kusema na hao hasa.

Hebu na tuingie pamoja katika chombo kimoja. Habari zake zimo katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 27. Ninyi mliotoka Lindi na Mikindani mtazifahamu upesi kuliko sisi wa bara, maana mwajua tanga na nanga, na mwajua bahari inavyogeuka.

Mtakatifu Paulo alikuwa mfungwa, akipelekwa Rumi kuhukumiwa mbele ya Kaisari. Akapakiwa pamoja na wafungwa wengine katika marikebu ya Iskanderia iliyokuwa ikichukua ngano kwenda Italia. Majira mema ya kusafiri yalikuwa yamekwisha, naye Paulo akawaonya kwamba wakiondoka sasa watapata hasara. Lakini akida aliyewalinda wafungwa alimsadiki nahodha na mwenye marikebu kuliko Paulo. Pakavuma kusi ya taratibu, wakaona mambo ni mepesi, wakaondoka. Haukupita muda mrefu ikawashukia tufani kutoka kisiwa cha Krete. Hawakuweza kuielekeza marikebu mbele ya upepo, wakaiacha iende ipelekwako. Walitupa shehena, kisha wakatupa na vifaa vya marikebu yenyewe. Siku nyingi hawakuona jua wala nyota, na baharia asiyeona nyota hajui aendako. Mwisho wakakata tamaa wote.

Angalieni hali ya Paulo. Safari ile hakuichagua. Wala shauri baya halikutoka kwake. Wengine ndio waliokosa, naye akaingia katika hasara pamoja nao. Hakuwa nahodha, hakushika usukani, wala hakuwa hata abiria aliyelipa nauli yake. Ndugu zangu, wengi wetu tumo katika tufani ambazo hatukuzianzisha sisi. Mtoto hulala na njaa kwa ulevi wa baba yake. Kijiji huchomwa moto kwa vita vya wakubwa wasiokijua hata jina. Kwa hiyo mtu asije akamwambia kila mwenye taabu kwamba taabu yake ni malipo ya dhambi yake. Paulo alikuwa amesema kweli, na maji yakamlowesha sawasawa na wale waliokataa kumsikiliza.

Mambo yanapotushinda, sisi wanadamu tuna njia mbili ambazo twazikimbilia. Ya kwanza ni kukunja mikono na kusema, Shauri la Mungu. Neno hilo ni jema kinywani mwa mtu aliyekwisha kufanya yampasayo. Lakini mara nyingi twalisema ili tupate kuketi. Mtoto ana homa siku tatu, na zahanati ipo, hapelekwi. Akifa twasema, Kazi ya Mungu haina makosa. Huko si kumtumaini Mungu, ni kumsingizia uvivu wetu.

Njia ya pili ni kutaka kuurudisha usukani kwa hila yo yote. Mtu mwenye msiba aondoka usiku kwenda kupigiwa ramli, apate kujua ni nani aliyemtendea. Mwenye ramli hawezi kumrudisha mteja wake bila jina. Naye hulitaja jina la bibi mjane akaaye peke yake, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Katika nchi yetu wako bibi waliouawa kwa neno kama hilo. Msiba wa kwanza haukuondoka, na wa pili umeongezeka, nao huu wa pili tumeufanya kwa mikono yetu wenyewe. Hata marikebuni mle walikuwako watu wa namna hii. Usiku mmoja mabaharia waliishusha mashua baharini, wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo, kumbe wanataka kutoroka na kuwaacha wenzao wazame. Hofu ikimshika mtu, humfundisha kuokoka juu ya mgongo wa mwenziwe.

Paulo hakufuata njia ya kwanza wala ya pili. Upepo haukuwa wake, bahari haikuwa yake, marikebu haikuwa yake. Lakini kulikuwa na mambo yaliyosalia mkononi mwake, nayo akayatenda.

La kwanza ni neno la kweli. Malaika wa Mungu alimjia usiku akamwambia ya kuwa wote waliomo chomboni wamepewa yeye, hakuna atakayepotea. Asubuhi Paulo akawaambia wenzake maneno hayo, wala hakuwaficha ya kwamba marikebu yenyewe itavunjika. Hapo pana fundisho kwetu sisi tunaowazuru wagonjwa. Tusiwaahidi watu jambo ambalo Mungu hakuwaahidi. Mungu hakumwambia Paulo kwamba ngano itaokolewa, wala mlingoti. Wako waliomwomba Mungu kwa imani kamili, na nyumba ikaanguka, na mgonjwa akafa. Tukiwaambia ya kuwa imani yao ilikuwa ndogo, twawatwika mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Tena, mwenye uchungu asione haya kuusema mbele za Mungu. Bwana wetu mwenyewe katika bustani ya Gethsemane aliomba kikombe kiondolewe, akaomba mara ya pili na ya tatu, na jasho likamtoka. Ikiwa yeye alisema yaliyomo moyoni, nawe waweza kuyasema.

La pili ni mkate. Siku 14 zilikuwa zimepita, nao hawakula kitu. Kulipokuwa karibu kucha Paulo akawasihi wale, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akaanza kula. Nao wakachangamka wakala, watu 276 jumla yao. Tufani haijatulia bado. Nchi kavu haijaonekana. Lakini walikula.

Nitawaeleza jambo langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa padre kijana katika mtaa wa bara, mke wangu alikwenda hospitali ng'ambo ya mto pamoja na mama yake, ajifungue huko. Nami nilikuwa nimfuate baada ya siku mbili. Ilikuwa masika. Mtu wa mwisho aliyevuka aliniletea habari kwamba amejifungua mtoto wa kiume, na kwamba ana homa kali. Usiku ule mto ukafurika, daraja likachukuliwa na maji. Siku hizo simu hazijafika kwetu. Nalikwenda mtoni alfajiri, nikarudi adhuhuri, nikaenda tena jioni, kana kwamba macho yangu yangeyapunguza maji. Sala hazikusaliwa kanisani, wagonjwa hawakuzuriwa, na mimi sikula.

Siku ya nne mwalimu wetu mzee akanijia jioni na sahani ya ugali wa mtama na kisamvu. Hakuniuliza habari za mke wangu, maana alijua kuwa sina. Akaniuliza, "Padre, umekula?" Nikamjibu kwamba sina hamu. Akasema, "Sikukuuliza habari za hamu, Padre. Kula, kisha tupige kengele. Watu wanangoja sala ya jioni, nao wana wagonjwa wao." Nalikasirika, nikaona mzee huyu hana huruma. Lakini nalikula, nikapiga kengele, wakaja watu 11. Mmoja wao alikuwa mama aliyemzika mumewe juma lile, wala mimi sikuwa nimekanyaga nyumbani kwake.

Mto haukupungua usiku ule. Ulipungua siku ya saba, nikavuka. Mke wangu alipona. Mtoto wetu alikuwa amekwisha kuzikwa, sikuuona uso wake. Yote hayo sikuyajua nilipokuwa nikila ule ugali, na hata leo siwezi kuwaambia kwa nini yalikuwa hivyo. Ninaloweza kuwaambia ni hili: siku zile nne nilipousimamia mto, sikumsaidia mke wangu hata kidogo, na watu wangu niliwaacha. Siku tatu zilizobaki sikumsaidia mke wangu pia, lakini wajane walizuriwa na kengele ililia. Na nilipofika kaburini nalikuwa na nguvu za kusimama, kwa sababu mtu mmoja alinilazimisha kula.

La tatu ni wenzake. Paulo alipoona hila ya mabaharia, alimwambia akida ya kuwa hao wasipokaa chomboni wengine hawataokoka, na askari wakazikata kamba za mashua. Hata mwisho, marikebu ilipopwelewa na kuvunjika, wenye kujua kuogelea waliogelea, na wengine wakashika mbao na vipande vya chombo, na wote wakafika pwani ya Melita salama. Sikieni vema, ninyi ambao leo hamna nguvu ya kuogelea. Hao walioshika mbao nao walifika. Si aibu kushika ubao. Na ninyi wenye nguvu, angalieni kama jirani yenu anao wa kushika.

Dayosisi yetu imejengwa na watu wa mbao. Tunahesabu miaka 100 tangu mwaka 1926, ilipotengwa na Dayosisi ya Zanzibar na kumpata askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas. Lakini shina lake ni la mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipokuja kutoka Unguja pamoja na watu waliokuwa wameachwa huru utumwani, wakakaa Masasi. Fikirini watu hao walikuwa ni nani. Walikuwa wamenyakuliwa kwao, wakatembezwa njiani wamefungwa, wakauzwa, wakapakiwa majahazini kama shehena. Ikiwa wako watu duniani walioujua usukani kuwa mkononi mwa wengine, ni wao. Wakajenga nyumba, wakalima, wakaabudu. Hata mwaka 1882, mwezi wa Agosti, Askofu Steere akafariki Unguja, na mwezi uliofuata Magwangwara wakaishukia Masasi, wakachoma nyumba na kuchukua mateka. Kazi ikahamia Newala kwa muda, katika nchi ya Matola. Mwenye kuyaona majivu yale angesema, Mwisho wake umefika. Lakini baadaye watu walirudi Masasi. Mwaka 1905, katika vita vya Majimaji, misheni ikachomwa tena, nao wakajenga tena.

Kisha vikaja vita vya mwaka 1914. Hapo nataka walimu wanisikilize. Wamisionari wa Kiingereza walikamatwa na Serikali ya Kijerumani, wakafungwa mbali. Msaada wa kutoka ng'ambo ukakoma. Walimu wetu wengine nao walitiwa kifungoni. Wanaume wakachukuliwa kwa maelfu kuwa wachukuzi wa majeshi, na wengi hawakurudi. Mwaka 1917 vita vyenyewe vilitufikia hapa kusini. Mwezi wa Oktoba palipiganwa vikali sana Mahiwa, na mwezi wa Novemba Wajerumani wakavuka mto Ruvuma. Nyuma yao ikabaki njaa, na mwaka 1918 ukafuata ugonjwa wa homa ya mafua ulioenea ulimwenguni mwote. Katika miaka hiyo mapadre Waafrika na walimu waliosalia ndio waliolichunga kundi. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa shauri lake juu ya vita. Walifundisha watoto waliokuja, waliwazika waliokufa, walisali saa za sala. Sisi tuliokaa hapa leo tu matunda ya kazi ile, nayo ilikuwa kazi ndogo machoni pa majemadari.

Wala tufani hazikukoma baada yao. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, na mvua zikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi, magari yakakwama pande zote mbili. Hata leo, pamoja na elimu yote na simu mikononi mwetu, twaweza kuamka asubuhi tukakuta daraja limekwenda na maji.

Basi tufanye nini? Rudini tena marikebuni. Usiku wa manane mabaharia walihisi kwamba nchi i karibu. Wakapima maji wakaona pima 20, wakaenda mbele kidogo wakapima tena wakaona pima 15. Wakaogopa miamba. Hawakuweza kwenda mbele gizani, wala hawakuweza kurudi. Wakatupa nanga nne katika tezi, wakangoja kuche. Ndugu, liko giza ambalo ndani yake hakuna kazi nyingine ila kutia nanga na kungoja. Kungoja huko si uvivu. Mwenye kungoja ameshika kamba, naye ayatazama maji.

Nanga zetu mwazijua. Saa ya sala, hata ikiwa moyo ni mkavu na maneno hayaji. Meza ya Bwana, ambayo twaijia na mikono mitupu, tukapewa. Mtu mmoja mwaminifu wa kumwambia yaliyo kweli, maana siri ya uchungu ikikaa peke yake huoza. Na kazi moja ya leo, iliyo mkononi mwako. Mkulima wa mikorosho hana amri juu ya mvua wala juu ya bei ya mnadani. Lakini ubwiri unga ukiingia katika maua, huamka alfajiri kabla ya upepo, akaipulizia salfa miti yake. Akikosa kuifanya kazi hiyo kwa sababu bei haijulikani, atapata hasara kabla ya mnada kufika.

Nawe mwalimu, huwezi kuiponya kila nyumba ya wanafunzi wako. Mvua za wazazi wao si zako, wala ulevi wao, wala kutengana kwao. Usijitwike usukani usiopewa, utavunjika bure. Lakini daftari la majina ni lako. Mtoto asipoonekana siku mbili, wewe ndiwe wa kwanza kujua. Akija amenyamaza, waweza kumwuliza neno lile aliloniuliza mwalimu wangu, "Umekula?" Labda ni ubao wake wa kufikia pwani.

Na ikiwa yuko hapa mtu ambaye hata hilo dogo limemshinda, ambaye mikono yake yenyewe imefungwa, kwa ugonjwa au uzee au huzuni, namwambia neno la mwisho. Bwana wetu aliwaponya watu kwa mikono yake, aliwapa mkate kwa mikono yake, aliwabariki watoto. Kisha ikaja siku ambayo mikono ile ilifungwa kamba, ikapigiliwa misumari, asiweze hata kujifuta uso. Ni katika saa ile, alipokuwa hawezi kufanya neno lo lote ila kujiweka mikononi mwa Baba yake, ndipo alipotuokoa. Basi usidhani ya kuwa umefika mahali asipopajua. Amekutangulia huko, naye yu pamoja nawe.

Tutakapotoka hapa jioni hii tutayakuta mambo yetu mlangoni kama tulivyoyaacha. Mgonjwa yungali kitandani, na deni lingali kwa mwenye duka. Nendeni kwa amani. Kila mtu atazame kilichosalia mkononi mwake, akifanye leo. Na yaliyo mikononi mwa Mungu, amwachie Mungu. Naye aliyewafikisha pwani watu 276 pasipo marikebu, awashike ninyi na nyumba zenu, kupita usiku wote, hata kuche. Amina.